Huduma tatu, sebule moja: uchambuzi wa kisa cha familia iliyotafuta sauti bora

Kwa nini nimekiandika

Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mifumo ya sauti majumbani. Kisa hiki kilinichukua jioni nne, na mbili kati ya hizo nilizipoteza kwa makosa yangu mwenyewe. Familia imeniruhusu kukisimulia kwa sharti kwamba asitambulike mtu. Kwa hiyo majina, mahali na aina za vifaa vyote nimeviacha nje, na huduma tatu za muziki walizokuwa wakizipima nitaziita ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu. Wahusika ni Mzee, Mama na Binti yao.

Usuli

Sebule yao ina mita 3.4 kwa 4.6. Spika mbili ndogo zilikaa juu ya kabati, migongo ikigusa ukuta. Kochi liliegemea ukuta wa pili, mita 3.4 mbele ya zile spika. Ampilifaya ni ya stereo, ina Bluetooth na matundu kadhaa ya waya.

Kwa miaka walisikiliza Huduma ya Kwanza kutoka kwenye simu ya Mzee kwa Bluetooth. Kifurushi walicholipia kilituma faili zilizobanwa kwa kilobiti 320 kwa sekunde. Siku moja Binti akapata majaribio ya bure ya Huduma ya Pili, ambayo hutuma faili zisizopoteza kitu, hadi biti 24 na sampuli 192,000 kwa sekunde. Akaunganisha kompyuta yake mpakato na kigeuzi cha nje, yaani DAC, kinachogeuza namba za faili kuwa umeme wa sauti, akaingiza waya kwenye ampilifaya, akafungulia muziki. Akasema tofauti hata kiziwi angeisikia. Mzee hakutaka kupitwa, naye akafungua majaribio ya Huduma ya Tatu, isiyopoteza kitu pia. Nyumba ikawa na huduma tatu, na majaribio yote mawili yalikuwa yanakwisha mwezi ule ule.

Walinipigia simu ili niwaambie ni ipi wabaki nayo. Nilipofika, kila mmoja alitoa maelezo yake. Binti alikuwa na namba, Mzee alikuwa na namba zaidi. Mama alisema jambo moja tu, akiwa anakunja nguo: "Mimi huyu mwimbaji wangu wamenibadilishia."

Kwenye daftari langu la siku ile niliandika: *Mama – hana malalamiko mahususi.*

Namba zilizokuwa mezani

Msomaji asiyezijua atapotea mbele ya safari, kwa hiyo nizieleze. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, kwa njia mbili za stereo. Ukizidisha unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde. Faili ya kilobiti 320, iwe ya MP3, AAC au Vorbis, hubeba chini ya robo ya kiasi hicho. Inafika hapo kwa kutupa: sauti kubwa hufunika ndogo iliyo jirani nayo, na kinachodhaniwa kwamba sikio halitakisikia hakitunzwi kwa ukamilifu. FLAC na ALAC, mifumo mingine ya kupunguza ukubwa wa faili, hazitupi kitu. Ni kama nguo zilizokunjwa vizuri ndani ya sanduku. Zinachukua nafasi ndogo, lakini ukizikunjua ni zile zile.

Huduma zenyewe zimesogeleana sana miaka ya karibuni. Qobuz na Tidal hufika biti 24 na kilohezi 192, yaani sampuli 192,000 kwa sekunde, na Tidal iliachana na mfumo wa MQA mwaka 2024 ikabaki na FLAC. Amazon ilianza kutoa faili zisizopoteza kitu mwaka 2019. Apple Music ilifuata Juni 2021 bila kuongeza ada. Spotify, iliyokuwa imetangaza jambo hilo tangu 2021, ilianza kulitekeleza Septemba 2025 kwa FLAC ya hadi biti 24 na kilohezi 44.1. Deezer ina FLAC ya kiwango cha CD. YouTube Music imebaki na faili zilizobanwa, kiwango chake cha juu kikiwa kilobiti 256.

Kutokana na hayo kuna jambo ambalo watu wengi hawalitamki. Ikiwa huduma mbili zote hazipotezi kitu, na zote zimepewa rekodi ile ile na kampuni ya muziki, zinachokuletea ni kitu kimoja, biti kwa biti. Hapo hakuna "sauti ya huduma" ya kubishania. Kama kuna tofauti, inatoka mahali pengine. Nililijua hilo kabla sijabisha hodi kwao, na bado lilinipiga chenga.

Jioni ya kwanza: kufuata njia ya sauti

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kutosikiliza chochote. Nilichukua karatasi nikachora njia nzima kutoka kwenye seva hadi sikioni, mara mbili: moja ya simu ya Mzee, moja ya kompyuta ya Binti. Sababu ni rahisi. Binti alikuwa amelinganisha huduma mbili, lakini pamoja na huduma alikuwa amebadilisha kifaa, njia ya kuunganisha, programu na mipangilio yake. Tofauti ikitokea hapo, huwezi kujua mwenye kuileta ni nani.

Karatasi ilitoa mambo matatu kwa haraka. Kwanza, kwenye programu ya Huduma ya Kwanza, ubora ulikuwa umewekwa "otomatiki", kwa hiyo simu ilikuwa huru kushusha kiwango kila mtandao ulipolegea. Pili, ndani ya programu hiyo hiyo ikwalaiza ilikuwa imewashwa, besi imepandishwa na masafa ya juu yamekatwa. Hakuna aliyekumbuka nani aliigusa. Mzee alimtazama Binti, Binti akatazama dari.

La tatu ndilo kubwa. Huduma ya Kwanza ilikuwa na usawazishaji wa ukubwa wa sauti umewashwa, kama programu nyingi zinavyokuja. Kazi yake ni kupunguza nyimbo zenye kelele ili zote zilingane. Spotify kwa kawaida hulenga LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa wastani wa sauti ya wimbo), Apple hulenga −16. Kwenye Huduma ya Pili Binti alikuwa ameuzima, kwa sababu alisoma mahali kwamba "unaharibu sauti". Nyimbo alizotumia ni za miaka hii, zilizorekodiwa kwa sauti ya juu mno. Nilipopima, upande wa Pili ulikuwa juu kwa karibu desibeli 6.

Desibeli 6 si mchezo. Ni volti mara mbili kwenye spika. Na sikio lina tabia yake, iliyopimwa na Fletcher na Munson tangu 1933: sauti ikiwa ndogo, besi na masafa ya juu hupotea mapema kuliko sauti za kati. Ukiongeza ukubwa, huongezi kelele tu, unarudisha pia besi na ule mng'ao wa juu. Ndiyo maana msikilizaji hasemi "hii ina sauti kubwa". Husema "hii imejaa", "hii ina mwili". Binti hakuongopa. Alichokisikia kilikuwepo, ila kitasa cha ampilifaya kingeweza kukileta.

Nikazima ikwalaiza, nikazima usawazishaji kwenye huduma zote, nikapandisha ubora wa ile ya Kwanza hadi mwisho. Binti akasikiliza tena, akanyamaza kidogo, akasema: "Bado ya Pili ni nzuri zaidi. Ila… si kama jana."

Jioni ya pili: jaribio lililovuja

Hapa niliamua tufanye jaribio la upofu. Msikilizaji anapigiwa A, anapigiwa B, kisha X ambayo ni mojawapo ya hizo mbili, naye aseme ni ipi. Raundi 16. Anayebahatisha tu atapata 8 kwa wastani. Kupata 12 au zaidi kwa bahati tupu hutokea chini ya mara 4 katika 100, kwa hiyo 12 ndiyo tuliyoiweka kuwa mstari.

Huduma zote zilipita njia moja sasa: kompyuta ya Binti, kigeuzi kile kile, waya ule ule. Kulinganisha ukubwa wa sauti sikukuachia sikio. Nilitafuta rekodi ya toni ya hezi 60 iliyopo kwenye huduma zote, nikapima volti kwenye vituo vya spika kwa mita ya kawaida ya umeme, nikarekebisha hadi tofauti ikawa chini ya asilimia moja, ambayo ni chini ya desibeli 0.1. Nilichagua hezi 60 makusudi. Mita za bei ndogo zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa ukutani, na juu ya hapo nyingi husoma uongo.

Nilikaa nyuma ya kochi na kompyuta mapajani. Binti akafumba macho. Akapata 14 kati ya 16.

Mzee alipiga makofi. Mimi nilianza kutafakari namna ya kula maneno yangu, maana 14 kwa bahati hutokea takriban mara 2 katika 1,000. Tukaanza hata kuzungumzia kufuta ile ya Kwanza usiku ule ule. Ndipo Mama, aliyekuwa mlangoni wakati wote huo, akauliza: "Na hicho kinacholia *tik* ni nini? Maana nyimbo nyingine kinalia kabla, nyingine hakilii."

Kigeuzi. Faili za Huduma ya Pili tulizochagua zilikuwa za kilohezi 96, za Kwanza zilikuwa za 44.1. Programu niliiruhusu kukitawala kigeuzi moja kwa moja bila kupitia kichanganya sauti cha kompyuta, ili biti zifike bila kuguswa. Kwa hiyo kila kiwango kilipobadilika, swichi ndogo ya ndani ya kigeuzi ilijifunga na kujifungua. Mlio wake ulikuwa mdogo sana. X ikiwa sawa na wimbo uliotangulia, hakuna mlio. Ikiwa tofauti, *tik*. Binti aliapa kwamba hakuwa akiusikiliza, nami namwamini. Sikio halimwambii mtu kila linachokitumia.

Jioni nzima ikaenda na maji.

Jioni ya tatu: maswali yakatenganishwa

Kosa la jioni ya pili lilinifundisha kwamba nilikuwa nimefunga maswali mawili kwenye fundo moja. La kwanza: je, kubana kwa kilobiti 320 kunasikika? La pili: je, kupita kiwango cha CD kunasikika? Niliamua kuyatenga.

Kwa swali la kwanza nilichagua nyimbo ambazo pande zote mbili ni za kilohezi 44.1, mlio ukaondoka. Binti akapata 9 kati ya 16. Anayebahatisha hufika 9 au zaidi mara 4 katika kila 10. Tukabadilisha wimbo, tukaweka mmoja wenye makofi makavu na kayamba. Niliuchagua kwa hila, kwa kuwa faili zilizobanwa husumbuka zaidi na milio mikali ya ghafla; hutanguliwa na ukungu mdogo wa kelele. Akapata 12. Wiki moja baadaye nilipopita tena, wimbo ule ule, akapata 8. Sitaijenga nyumba juu ya ile 12, lakini sitaifuta pia. Kama kuna mahali ambapo kilobiti 320 zingeweza kujisaliti, ni kwenye makofi kama yale.

Tulijaribu na Bluetooth pia, Huduma ya Kwanza dhidi yake yenyewe, waya dhidi ya hewa. Nimekuwa nikiibeza Bluetooth kwa miaka. Kodeki yake ya msingi, yaani njia yake ya kubana na kufungua sauti, iitwayo SBC, hupitisha kilobiti 328 hivi katika mpangilio wake mzuri, kwa hiyo faili iliyokwisha kubanwa hufunguliwa ndani ya simu na kubanwa upya. Kwa nadharia ni balaa. Binti alipata 10 kati ya 16. Ile "Bluetooth mbaya" ya sebule hii ilikuwa ni ikwalaiza iliyosahaulika.

Swali la pili lilikuwa la Mzee, na alikuwa amelivalia njuga. Ili mlio wa kigeuzi usivujishe siri, kabla ya kila wimbo nilipiga kipande kimya cha kiwango kingine, hivyo *tik* ilisikika kila mara, iwe inahitajika au la. Tukalinganisha biti 24 na kilohezi 96 dhidi ya kiwango cha CD cha rekodi ile ile. Mzee alipata 7. Alicheka kwa dakika nzima, kisha akasema labda kochi ndilo lina tatizo. (Alikuwa amekaribia ukweli kuliko alivyodhani, nitarudi hapo.)

Matokeo yake hayakunishangaza. Sampuli 44,100 zinatosha kubeba masafa hadi kilohezi 22.05, na sikio la kijana mwenye afya huishia kama 20; la mtu wa umri wa Mzee huishia chini zaidi. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio la raundi 554 ambapo wasikilizaji walitakiwa kutofautisha rekodi za kiwango cha juu na zile zile zilizopitishwa kwenye kiwango cha CD. Walipatia 276, nusu kwa nusu. Kwa kuwa haki ni haki, mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alikusanya majaribio 18 ya aina hiyo na kupata wastani wa asilimia 52.3, na waliofunzwa walifanya vizuri kuliko wasiofunzwa. Kitu kipo, lakini ni chembe. Na gharama yake kwenye mtandao si chembe: biti 24 kwa kilohezi 192 ni kilobiti 9,216 kwa sekunde kabla ya kukunjwa.

Jioni ya nne: wimbo wa tano

Ilibaki kuchagua kati ya ya Pili na ya Tatu, zote zisizopoteza kitu. Sikutaka raundi 16 nyingine. Nilichukua nyimbo tano, moja au mbili kutoka kwa kila mtu wa nyumba hiyo, nikanasa sekunde 30 za kila moja kutoka huduma zote mbili, kwa kiwango cha CD, kabla sauti haijafika kwenye kigeuzi. Kisha nikapanga vipande viwili sambamba, nikageuza mawimbi ya kimoja juu chini, nikavijumlisha. Kama ni kitu kimoja, hufutana na kubaki kimya kabisa.

Wimbo wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu na wa nne hivyo hivyo. Mzee akaanza kuaga majaribio yake.

Wa tano haukufutana. Haukukaribia hata kufutana. Ulikuwa wimbo wa Mama.

Nilirudi kwenye orodha. Huduma ya Pili ilikuwa na toleo lililosafishwa upya la albamu ile, na ndilo pekee. Ya Kwanza pia. Ya Tatu ilikuwa na matoleo mawili, jipya na la zamani, na tulikuwa tumenasa la zamani bila kuangalia. Nilipima ukubwa wa wastani: la zamani LUFS −16.8, jipya −9.3. Aliyesafisha upya alikuwa amepandisha kila kitu hadi darini. Pale ngoma ilipokuwa ikipiga na kuacha nafasi, sasa ilikuwa imesukumwa ilingane na sauti nyingine zote, na mwimbaji amemezwa na vyombo.

Jambo moja hapa nilitaka Binti alione kwa macho yake, kwa sababu ya ile imani kwamba usawazishaji unaharibu sauti. Tuliuwasha kwenye Huduma ya Tatu na kupiga matoleo yote mawili. Jipya likashushwa na kupoteza faida yake ya kelele. Likasikika dogo na bapa mbele ya lile la zamani, ambalo ngoma zake zilikuwa na pa kurukia. Usawazishaji haukuwa umelibadilisha hata kidogo zaidi ya kulipunguza sauti. Uliliumbua tu.

Kisha nikamwomba Mama akae kwenye kochi. Ukubwa nimeulinganisha, mlio wa kigeuzi haupo. Alikuwa anajibu kabla mstari wa kwanza haujaisha. Kufika raundi ya kumi aliniuliza: "Fundi, bado tu? Nimeshakwambia tangu siku ile."

16 kati ya 16.

Matokeo

Walibaki na Huduma ya Tatu kwa ajili ya sebule, kwa sababu ya lile toleo moja na mengine sita ya namna hiyo ambayo Mama aliyakuta wiki iliyofuata. Binti alibaki na Huduma ya Kwanza kwenye simu yake. Orodha za nyimbo anazobadilishana na marafiki ziko huko, na saa moja ya kilobiti 320 hula megabaiti 144, wakati FLAC ya kiwango cha CD inaweza kula mara mbili au tatu ya hapo. Huduma ya Pili iliachwa, ingawa haikuwa na kasoro yoyote.

Kochi nalo lilisogezwa. Ukuta hadi ukuta ni mita 3.4, na chumba cha urefu huo hujenga wimbi la kusimama (sauti inayogonga kuta na kujijumlisha palepale) kwenye hezi 50, ambalo huvimba zaidi kando ya kuta, palepale Mzee alipokuwa akikaa. Tulilivuta sentimita 60 mbele, tukatoa spika ukutani sentimita 30. Kwa maikrofoni ya kupimia, uvimbe wa hezi 50 ulishuka desibeli 7. Hakuna mabadiliko ya huduma, kodeki wala waya katika jioni zote nne yaliyokaribia namba hiyo, ukiacha lile toleo la Mama. Kazi yenyewe ilichukua dakika kumi na watu wawili wa kubeba.

Baada ya miezi mitano hivi Mama alinipigia simu mwenyewe. Toleo la zamani lilikuwa limetoweka kwenye Huduma ya Tatu. Haki za albamu zilikuwa zimehamishwa, limebaki jipya peke yake. Mzee alipanda juu ya kabati, akapata CD yenyewe ndani ya boksi la mavumbi, na Binti akaigeuza kuwa FLAC kwenye kompyuta.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kile kilichotangulia kila kitu: kuchora njia ya sauti kabla ya kufungua muziki. Nusu ya "tofauti za huduma" katika nyumba hii iliisha kwa kugusa mipangilio mitatu. Anayelinganisha nyumbani bila mita anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii: kifaa kimoja, njia moja ya kuunganisha, ikwalaiza imezimwa, ubora umewekwa juu kabisa badala ya otomatiki, na usawazishaji uwe umewashwa kote au umezimwa kote. Ukizimwa kote, wimbo wa toleo moja utatoka na ukubwa mmoja. Ukiwashwa kote, kumbuka tu kwamba huduma hazilengi kiwango kimoja, na desibeli mbili kati ya −14 na −16 zinatosha kumpa ushindi asiyestahili.

Jaribio la upofu lilinisaidia na kuniponza pia. Lilinipa matokeo ya uongo yenye sura ya kisayansi, na nilikuwa tayari kuyaamini kwa sababu yalikuwa na namba. Jaribio la aina hii linavuja kwa njia nyingi: taa ya kigeuzi inayobadilika rangi, huduma moja inayochelewa kuanza nusu sekunde, anayebonyeza kuvuta pumzi tofauti. Tangu siku ile huanza kwa kulinganisha faili moja na yenyewe, raundi nane. Msikilizaji akipatia zote, kuna kitu kinavuja, na sifai kuendelea.

Jaribio la kufuta mawimbi ndilo ningelitanguliza kama ningerudi mwanzo. Kwa huduma mbili zisizopoteza kitu, linajibu kwa nusu saa kile ambacho masikio hubishania mwezi mzima, na pale lisipofuta ndipo penye jambo la kusikiliza. Nililifanya mwisho kwa kuwa nilidhani jibu lake nalijua.

Ningepinga pia hitimisho ambalo Mzee amekuwa akiwaambia wageni wake, kwamba eti "huduma zote ni sawa". Sivyo tulivyopata. Tulipata kwamba kwa wasikilizaji wawili, chumba kimoja na nyimbo chache, kodeki na biti hazikuwa zinaamua. Kilichoamua ni rekodi ipi imewekwa rafuni, na hapo huduma zinatofautiana sana, tena zinabadilika bila kukuarifu. Jina la albamu halikwambii. Tazama mwaka wa toleo, tazama kama limeandikwa kuwa limesafishwa upya, na kama yako mawili, yasikilize yote usawazishaji ukiwa umewashwa.

Kuhusu Mama, tatizo halikuwa kwamba hakueleza. Alieleza kwa usahihi kuliko wote: alisema nani amebadilika, na akasema ni kubadilishwa, si kuharibika. Mimi nilikuwa nikitafuta malalamiko yenye kilobiti ndani yake, na la kwake halikuwa nazo. Laiti ningemwuliza swali moja tu, "wimbo gani?", tungeanzia jioni ya nne.

Ule mstari wa daftari sikuufuta. Pembeni yake nimeongeza kwa kalamu nyekundu: 16/16.